Tata Haingii Ndege Tupu

Sawa. Tangu turudi mmekuwa mkinisimamisha kwa ngazi, kwa duka, hata kanisani wakati wa matangazo: "Wambo, kwani kulienda aje? Ni ukweli Tata alipigania siti ya ndege?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, natuma kwa group, kila mtu asome. Mwenye atabaki na swali ajijibu.

Kwa wale hawajui kwetu vizuri: mimi na ndugu yangu Kim tulilelewa na Tata Nyokabi, dadake baba, tangu mama afariki nikiwa darasa la pili. Tata anauza mapazia ya mitumba Gikomba na mimi humsaidia tangu nimalize form four. Kim ako Lodwar, mwaka wa tatu sasa, anachimba visima vya maji. Huko akapata Akiru, mwalimu wa shule ya msingi, na huyo ndiye Kim anataka kuoa.

Shida ni kwamba Tata hajawahi sema hapana. Angesema hapana tungejua pa kuanzia. Yeye husema "tutaenda," halafu siku ikifika ana presha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili presha ilikuwa sawa, lakini kukatokea matanga ya mtu ambaye hata yeye mwenyewe hakuwa anamjua vizuri. Watu wa kwa kina Akiru walichinja, wakapika, wakangoja, wakala peke yao. Mara mbili. Ndio babake Akiru akatuma neno kupitia kwa Kim, tena kwa upole, na huo upole ndio uliniogopesha: "Jumamosi, saa nane. Wasipokuja hatutakasirika. Tutakuwa tumeelewa."

Kim akanipigia simu akaniambia kitu moja tu. "Wambo, mlete. Hata akinuna, mlete akiwa amenuna."

Donholm mpaka uwanjani

Tulitoka Donholm saa kumi na mbili asubuhi na gari ya jirani, Baba Shiro. Tulikuwa watatu: mimi, Tata, na Anko Gathogo, ndugu mdogo wa Tata. Huwezi enda kuposa bila msemaji, na msemaji wetu alikuwa Anko. Alikuwa amejitayarisha wiki mzima. Alikuwa na methali kumi na mbili kwa karatasi, zimepewa namba.

Tata alishuka ngazi akiwa amenona. Sijui niseme aje. Jana yake alikuwa Tata wa kawaida, sasa alikuwa amefura kila upande, anatembea mikono ikiwa mbali na mwili kama mtu amepakwa rangi haijakauka.

"Tata, uko sawa?"

"Ni baridi."

Baridi ilikuwa, lakini si ya hiyo.

Ukweli ulitokea tukiwa Outer Ring, kwa sababu hakuwa anaweza kufunga mshipi wa gari. Tuliambiwa kila mtu abebe mzigo wa kilo kumi na tano tu. Tata alikuwa na zawadi, na zawadi ya Tata ni mapazia. Tena kamera tupu. Kama hujawahi fanya Gikomba, kamera ni ile nguo safi kabisa inachaguliwa kwanza bale ikifunguliwa. Alikuwa amechagua jozi sita. Tatu ziliingia kwa begi. Tatu alikuwa amejifunga mwilini, chini ya marinda, kutoka kifuani mpaka magotini.

"Tata! Si watakuona?"

"Mzigo ni ule uko kwa begi. Hii nimevaa. Umewahi ona mtu akilipishwa sweta?"

Anko alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilifurahi. Nilijiambia mtu hawezi jifunga mapazia mwili mzima halafu awe na mpango wa kurudi katikati ya njia. Hivyo ndivyo nilifikiria. Endeleeni kusoma.

Mizani

Hatukuwa tunaenda ule uwanja mkubwa wa Embakasi. Ni ule mdogo, na ndani ni kama hospitali ya mtaa: viti vya plastiki, televisheni haina sauti, watu wanaangaliana mizigo.

Begi ya Tata ikawekwa kwa mizani. Kilo kumi na nne na nusu. Aliniangalia kama mtu ameshinda kesi.

"Asante, mama," msichana wa kaunta akasema. "Sasa wewe panda."

"Nipande wapi?"

"Kwa mizani."

"Mimi?"

"Ndege ni ndogo, mama. Tunapima mzigo na tunapima mtu."

Tata aligeuka pole pole akaangalia laini nyuma yetu. Kulikuwa na wanaume wanne. "Mimi si mbuzi wa Kiamaiko," akasema.

"Mama, kila mtu anapimwa. Hata huyu mzee atapimwa."

"Nipime tu," Anko akasema, akapanda mbio. Anko ni mwembamba, mizani ilisonga kidogo tu kwa heshima. Halafu Tata akapanda. Sitaandika ilisema ngapi, nataka kuendelea kuishi kwa hiyo nyumba. Nitasema tu msichana aliangalia namba, akamwangalia Tata, akaangalia namba tena.

"Andika, halafu utoe mapazia," Tata akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nitoe nini?"

"Andika tu."

Tulipewa kadi ya plastiki ya manjano, haina jina wala namba. Mimi niliigeuza mara mbili.

"Siti zetu ni gani?"

"Hakuna namba. Mnaingia, mnakaa mahali mnataka."

Hiyo sentensi ilifanya kitu kwa kila mtu. Ndege kubwa, nimeambiwa, ikikuweka karibu na choo unalaumu ndege. Hapa hakuna wa kulaumu. Ukikaa mbali na mtu, umekaa mbali naye wewe mwenyewe, na yeye ameona. Anko alinyoosha koti. "Mimi nitakaa mbele, kando ya pailoti. Msemaji hukaa kwa dere." Na Tata, mnakumbuka harusi ya Shiro, vile aliwekwa siti ya nyuma ya ile Nissan pamoja na keki. Bado hajasahau.

Tulikuwa tuondoke saa tatu. Kukawa na ukungu. Saa tatu na nusu, mzee mmoja wa Kayole alisimama kunyoosha goti lake. Alisimama karibu na mlango. Mtu akasimama nyuma yake. Mwingine akaona watu wawili, akaruka na begi. Dakika tano tulikuwa laini ya watu kumi mbele ya mlango umefungwa, tunasukumana na viwiko. Mzee mwenyewe akamaliza na goti lake, akarudi kukaa. Laini ikabaki. Mimi nilikuwa wa tatu. Tata alikuwa wa kwanza, amefungua mikono, na kwa vile alikuwa amevaa madirisha matatu, hakuna mtu angempita.

Ndege tupu

Saa nne mlango ulifunguliwa. Tulitembea kwa lami mpaka kwa ndege, ndege kadogo, propela moja, mlango uko nyuma na ngazi ya hatua nne. Tata alifika wa kwanza. Akaweka mguu kwa ngazi, akachungulia ndani, akatoa mguu.

"Siingii."

"Nini tena?"

"Hakuna mtu ndani."

"Tata, si ndio vizuri! Ndio tuchague siti!"

Alinigeukia vile hunigeukia nikikosa kuona doa kwa pazia. "Wambo. Umezaliwa Nairobi. Umewahi ingia gari tupu?"

Sasa hapo niwe mkweli, sijawahi. Hakuna mtu wa Eastlands huingia gari tupu. Gari tupu itakaa hapo mpaka ijae, na wewe ndani unaiva. Unangoja nje, unajifanya unanunua njugu, ikibaki siti moja ndio unaingia. Hata hapo lazima uangalie vizuri nani amekaa, kwa sababu wengine hulipwa kukaa ndio gari ionekane imejaa. Ukishaingia wanashuka mmoja mmoja. Tata alidanganywa hivyo akienda Nyeri, nikiwa na miaka kumi. Bado huongea juu yake.

Lakini hii ilikuwa ndege. Nikamwambia hii ni ndege.

"Iko na siti?" akauliza.

"Iko nazo."

"Iko na dere?"

"Tata, tafadhali."

Mbaya zaidi, nyuma yetu walikuwa watu wetu. Yule mzee wa goti akasema, "Huyo mama anasema ukweli." Kijana wa kuuza sola kutoka Dandora akarudi hatua moja. Wale walikuwa wakisukumana kwa mlango sasa walikuwa wakipeana nafasi kwa adabu ambayo sijawahi ona Nairobi. "Ingia wewe." "Hapana, anza." "Mama kwanza." "Aii, mimi niko sawa hapa."

Msichana wa kampuni alikuja akikimbia. "Ingieni, jamani! Hatungojei mtu. Abiria ni nyinyi tu, kumi na mmoja."

"Hivyo ndivyo makanga husemanga," Tata akajibu. "Mmoja twende."

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Niliangalia simu, saa nne na robo. Kulikuwa na jua sasa, ukungu umeisha, hakuna sababu ingine duniani ya kutoondoka. Na hapo ndio nilijua hii haikuwa mambo ya gari tupu. Hii ilikuwa ile presha. Hii ilikuwa yale matanga. Imevaa tu nguo ingine.

Kuna mwanamke mmoja mrefu, mweusi, alitupita akibeba kasha la samaki, tupu, akapanda ngazi bila kuongea na mtu na akakaa siti ya mwisho kabisa, kando ya mlango.

"Huyo ni wa kampuni," Tata akanong'ona. "Amewekwa."

Halafu pailoti akatokea upande wa mbele, kijana tu, miwani ya jua, karatasi mkononi. "Nani ni Nyokabi?"

Jina lake kwa karatasi, mbele ya watu.

"Ni mimi. Kuna nini?"

"Mama, nakuomba ukae mbele na mimi."

Anko alikuwa tayari ameshika koti. "Samahani kijana, hapo ni pangu. Mimi ndiye msemaji."

"Wa ndege?"

"Wa familia!"

"Mzee, wewe ni mwepesi. Nyuma kuna mizigo, ndege itainua pua. Hapa mbele nataka mtu mzito."

Mimi nilifunga macho. Nilijua tumeisha. Unaambiaje mama wa Gikomba, mbele ya wanaume, ati ni mzito? Nikafungua macho na Tata alikuwa amesimama wima, kidevu juu, anashika leso yake vizuri. Alinipita akielekea mbele. "Umesikia?" akaniambia. "Amesema anataka mtu mzito."

Akapanda bila kuuliza nani yuko ndani.

Juu

Wote waliingia baada yake, kwa dakika mbili, na zile siti walizokuwa wakikataa sasa wakazipigania. Mimi nilibaki na siti kando ya yule mwanamke wa samaki. Jina lake ni Mama Ekai, na hakuwa amewekwa na mtu. Ananunua samaki ziwani, analeta Nairobi, anarudi kila mwezi. Nilimuuliza kwa nini mtu anaingia wa kwanza halafu anachagua siti ya nyuma.

"Mlango uko wapi?" akaniuliza.

"Nyuma."

"Basi nani atashuka wa kwanza?"

Nilijisikia mjinga. Alinifundisha mengine. Asubuhi ukienda Lodwar usikae kulia, jua litakumaliza. Usiweke begi kwa siti ya kando kama hujui nani atakaa, kwa sababu atakayekuja ataitoa, na mtaanza safari kwa ugomvi. Na usile mayai ndani ya ndege.

Wakati anasema hivyo, Anko Gathogo, siti moja mbele yetu, alikuwa anamenya yai. Alikuwa amenuna. Siti ya kando yake ilikuwa tupu na ameweka kofia juu yake. Alikula mayai manne, moja baada ya ingine, akiangalia nje kama mtu amefiwa. Mama Ekai alivuta shuka lake mpaka puani.

"Huyo ni wako?"

"Ni anko yangu."

"Pole."

Katikati ya vichwa vya watu niliona kichwa cha Tata. Alikuwa ameinamia pailoti, anauliza, anaonyesha na kidole, anauliza tena. Nilifikiria anafurahia.

Kitale, mahali tulikaa sana

Tulishuka Kitale, ndege iongezwe mafuta na watu wawili waishie hapo. Tuliambiwa tunyooshe miguu. Mimi nilinunua mahindi choma kwa mama mmoja kando ya uzio, matamu vile hamjawahi kula hapa. Nilimpelekea Tata hindi moja. Alikuwa amekaa kwa benchi chini ya mabati, begi kwa miguu. Hakuchukua.

"Wambo, nyinyi endeni."

"Twende wapi bila wewe?"

"Endeni tu. Nitatafuta gari ya kurudi."

Nilikaa chini. Niliuliza ni presha, akasema si presha. Angalau hiyo.

"Nimemuuliza huyo kijana tumefika wapi," akasema. "Ameniambia nusu."

"Ni kweli."

"Nusu, Wambo. Tumepaa hivyo vyote na ni nusu. Na ameniambia hapo mbele, hiyo milima ikiisha, majani yanaisha. Ni mchanga mpaka ufike." Alirekebisha pazia chini ya marinda. "Mtu akioa Umoja, akigombana na bibi yake anakuja kwangu, anakula, analala kwa kochi, asubuhi anarudi kwake. Huko Kim atakuja aje?"

Hakuwahi sema hivyo. Muda huo wote, na ile kitu ilikuwa ni kochi.

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza akamshika mkono. Lakini mnanijua. Nilimwambia kila kitu. Walichinja mara mbili, wakala peke yao. Kim hakulala. Huyo mzee hata hakutukana, amesema tu ataelewa, na akishaelewa hutaambiwa kitu tena, hata mtoto akizaliwa utasikia kwa watu. Nikasema, "Unaogopa Kim atapotea, na hivi ndivyo unampoteza." Nilikuwa nimesimama, na gunzi la mahindi mkononi. Watu walikuwa wakiangalia.

"Umemaliza?" Tata akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Uniletee picha."

Anko akaja, akafungua karatasi. "Nyokabi, wahenga walisema..."

"Gathogo, rudisha hiyo karatasi mfukoni."

Akairudisha.

Saa saba kasoro robo pailoti akatuita. Tata akanisukuma na kiganja, polepole, vile hunisukuma niende kwa mteja. Nilienda. Nililia kidogo, si sana, vumbi pia ilikuwa mingi. Nilikuwa nikipanga nitamwambia Kim nini. Nilikuwa nimeamua kusema presha.

Sasa hapo Kitale kulikuwa na abiria mpya. Mama mkubwa, suti ya zambarau, kofia ya kufanana, kikapu cha parachichi. Msichana wa huko alimwangalia, akaangalia karatasi, akamwambia, "Mama, wewe utakaa mbele na pailoti. Siti iko wazi."

Sijui maneno yalifikaje kwa benchi. Propela ilikuwa haijaanza, labda ni hiyo.

"Wee!"

Sote tuligeuka.

"Wee mama! Hapo kuna mtu!"

Mama wa zambarau akaangalia siti, akaangalia huku na huku. "Mtu yuko wapi?"

"Ni mimi!" Tata alikuwa anakuja, mikono mbali na mwili, begi ikigonga goti.

"Lakini wewe uko kwa benchi."

"Nilikaa kwa benchi. Siti sikutoka."

"Dada, hapa siti haina mwenyewe. Ukishuka, umeshuka."

"Nani amekuambia nimeshuka? Nimenyoosha miguu! Kila mtu amenyoosha miguu! Kuna watu wameacha kofia tu na hakuna mtu amewaguza!"

Anko akarudi mbio kushika kofia yake.

"Kofia ni alama," mama wa zambarau akasema. "Wewe uliacha alama gani?"

Tata akaonyesha pailoti na kidole. Halafu akasema, "Muulize huyo kijana. Yeye mwenyewe aliniita kwa jina."

Pailoti alitoa miwani. Nadhani alikuwa amechoka na sisi wote. Alisema yeye hajali jina, anajali kilo, na mwenye atakaa mbele ni mwenye kilo nyingi, mwingine atakaa katikati, na ndege inaondoka sasa. Msichana akasoma karatasi kimoyomoyo. Mama wa zambarau alinyoosha suti. Tata alinyoosha shingo. Katika watu wote kwa huo uwanja, mimi peke yangu nilijua Tata amebeba jozi tatu za mapazia mazito, tena yale ya bitana.

"Ni huyu wa Nairobi," msichana akasema. "Kwa kilo mbili."

"Umeona," Tata akamwambia mwenzake, bila kelele sasa, na akampa mkono wasalimiane.

Aliponipita hakuniangalia. "Usinicheke," akasema. "Ni mambo ya siti tu."

Niliapa ni mambo ya siti tu.

Lodwar

Joto la Lodwar halikungoji ushuke ngazi. Linaingia kukuchukua. Mama Ekai alishuka wa kwanza, vile alisema, na kufikia tumalize kutafuta begi alikuwa ameshaenda.

Kim hakuwa uwanjani. Alikuwa amebaki nyumbani kwa kina Akiru kukaa na wazee ndio wasitawanyike. Alikuwa amemtuma Akiru mwenyewe na pikapu ya shule. Hakuna mtu alikuwa amepanga Tata akutane na huyo msichana hivyo, bila utangulizi, bila methali hata moja.

Akiru ni mfupi, sauti yake ni ya mwalimu. Alimsalimia Tata kwa mikono miwili, akamwangalia uso, akaacha salamu katikati. "Mum, unaumwa?"

Tata alikuwa ameloa. Jasho lilikuwa linatoka hadi kwa viatu. Alijaribu kusema ni safari, akayumba. Akiru hakuuliza tena. Alimshika kiuno, na nikaona mkono wake ukisimama, unasikia kitu ambacho si mwili wa mtu. Akamwingiza kwa kachumba ka kuweka mizigo, akanivuta na mimi, akafunga mlango kwa mguu.

"Mum, hii ni nini?"

"Ni mapazia," Tata akasema kwa sauti ndogo sana.

"Zunguka."

Tata akazunguka. Akiru alishika ncha na kuvuta, Tata akazunguka tena, na tena, kama kitambaa kinatoka kwa jora, mimi nikikunja. Ya kwanza ya kijani. Ya pili ya maua. Kufikia ya tatu Tata alikuwa amepungua nusu, amesimama na marinda yamelegea, anapumua kama mtu ametolewa majini. Akiru alifungua chupa yake ya maji akamwagia shingoni bila kuuliza.

"Hizi ni za madirisha mangapi?"

"Sita. Zingine ziko kwa begi."

"Nyumba ya Kim iko na madirisha mawili."

Mimi nilifikiria, hapa ndipo atanuna, na hatutamtoa.

"Basi mtajenga ingine," Tata akasema.

Wakacheka hao wawili mpaka mlinzi akagonga mlango.

Tulifika saa nane na nusu imepita. Babake Akiru alikuwa amekaa nje, kiti kimeangalia barabara, saa mkononi. Kim alikuwa amesimama nyuma yake, uso umekauka. Anko alianza kuomba msamaha kutoka getini. Mzee akatikisa mkono. "Saa yangu hukimbia," akasema. "Karibuni, mmefika kwa wakati."

Tuliingizwa, tukapewa maji, watu wakakaa. Mzee akauliza vile huulizwa: tumewaona, mmetoka mbali, mmekuja na neno gani? Anko akasimama. Akafungua karatasi, akakohoa, akapata methali namba moja. Na Tata, akiwa amekaa, akaongea kabla yake.

"Mlituandalia mara mbili hatukuja. Mliambiwa nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Mlikuwa mnampikia mtu muoga." Alisema kwa Kiswahili, pole pole, ili kila mtu asikie. "Niliona ni mbali. Nikasema nikikubali, mtoto wangu amepotea."

Anko alibaki amesimama na karatasi. Mamake Akiru, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tuingie, alisogeza kiti chake mbele.

"Hata sisi," akasema. "Siku ile ya kwanza hamkuja, mimi nilifurahi. Nilisema, wa Nairobi hawatamchukua."

Anko akakaa chini. Halafu Tata akasema, "Basi sisi wawili ndio tulikuwa tunawachelewesha hawa," na mzee akaita nyama iletwe.

Anko alipewa nafasi ya kusema methali tatu, baada ya chakula. Walimpigia makofi sana.

Kurudi

Tulirudi Jumatatu. Ndege ile ile, pailoti mwingine. Anko alipata siti ya mbele, hakuna mtu mzito alikuwa, na alilala kutoka Lodwar mpaka Nairobi. Mimi nilikaa nyuma kando ya mlango, nikashuka wa kwanza, na hakuna mtu alikuwa wa kuniona.

Kwa sababu mmeona mimi na Anko tu tukishuka kwa gari ya Baba Shiro, mmeanza kusema Tata ni mgonjwa, Tata ameachwa, Tata na Kim wamekosana. Alibaki. Alisema siku mbili, afunge mapazia. Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Madirisha ni mawili.

Jana bale mpya ilifika Gikomba na wateja wake wakanisumbua, nikampigia. Nilisikia sauti za wanawake nyuma, mtoto analia, sufuria zinagongana, mtu anamwita "Mama Kim" na yeye anaitika.

"Tata, unarudi lini? Watu wanakuuliza."

"Wambo," akasema, akiwa na haraka, "nitakupigia baadaye. Niko na wageni."

Akakata.